Kwa Nini Moto wa Mbavu Husalimiwa Kwanza

Waliokuwapo siku hiyo kilimani Ilundo ni hawa. Alikuwapo Kalukwa, wa ukoo wa Mwakibinga, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye mji. Alikuwapo Lyandile, mkewe. Alikuwapo Ndulile, mwana wao wa kiume wa pekee. Alikuwapo Mbonile, mke wa Ndulile, ambaye alikuwa amekaa katika mji ule tangu mavuno yaliyopita. Kutoka ng'ambo ya mto Mbaka alikuja Mwalukasa, baba yake Mbonile, na pamoja naye alikuja mdogo wake aliyeitwa Syaba. Majirani walikuwapo pia, lakini wao walivutwa na harufu ya nyama, na hakuna aliyesema neno lenye maana, kwa hiyo majina yao si ya lazima.

Katika nyakati hizo watu wa Ilundo walikuwa na aina moja tu ya moto wa kuchomea nyama, nao ulikuwa moto wa kuwaka. Walikuwa wafuga ng'ombe. Nyama ya ng'ombe waliikata vipande virefu na vyembamba kama mikanda, wakavitupia kwenye ndimi za moto, wakavigeuza, wakala. Moto ulipopanda juu kuliko paa la nyumba, watu wa vilima vya jirani waliuona wakasema, "Leo kwa fulani kuna mambo." Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima ya mwenye mji. Mtu aliyechoma nyama kwa makaa matupu alihesabiwa kuwa fukara au bahili, na wengine walimhesabu kuwa yote mawili.

Nguruwe hakuwa mnyama wao. Aliletwa Ilundo na Mbonile mwenyewe. Siku alipoolewa alivuka mto akiwa na kitoto cha nguruwe ndani ya tenga, zawadi ya mama yake, na wenyeji walicheka mpaka wakashika mbavu. Mbonile hakucheka. Alijenga zizi dogo nyuma ya migomba, akamlisha mnyama wake maganda ya ndizi na pumba za ulezi, naye akanenepa hata wale waliocheka wakaanza kupita karibu na zizi bila sababu.

Kwao Mbonile, ng'ambo ya mto, mbavu za nguruwe zilichomwa na wanawake, polepole, juu ya makaa yaliyotulia. Hakuna aliyemfundisha kwa maneno. Alikua akiwatazama mama na shangazi zake, akajua moto unaofaa kama mtu anavyojua njia ya kwao. Lakini kama ungemwuliza, "Moto huo uwe mkali kiasi gani?", angekuonyesha tu kwa mkono, wala asingekuwa na la kusema.

Tena ni lazima kueleza desturi moja, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuona ukubwa wa dhuluma iliyotendeka. Katika nchi ile mkamwana na baba mkwe hawakuwa na mazungumzo. Mkamwana hakumtazama mkwewe usoni. Hakutaja jina lake. Walipokutana njiani, mkamwana aliingia majanini, akageuka, akajifunika kichwa mpaka mkwe apite. Baba mkwe naye hakulitaja jina la mkamwana; alisema "mtu wa mwanangu", basi. Kama palikuwa na neno la kufikishana, lilipitia kwa mama mkwe. Desturi hiyo iliitwa heshima, na mara nyingi ilikuwa heshima kweli. Lakini heshima inayofunga mdomo wa mtu mmoja na kumwachia mwenzake kelele zote ina kasoro, hata kama imerithiwa kwa wazee.

Mwalukasa alikuja kumtembelea bintiye kwa mara ya kwanza tangu arusi. Kalukwa alitaka kumpokea kwa ng'ombe. Ni Lyandile aliyesema, "Baba Ndulile, mgeni huyu atafurahi zaidi akila nguruwe aliyefugwa na mwanawe. Ng'ombe kwao wapo." Kalukwa alikubali, ingawa kwa shingo upande, akachinja yeye mwenyewe, kwa kuwa kuchinja ilikuwa kazi ya mwenye mji. Mbavu za pande zote mbili zilipasuliwa, zikatundikwa kivulini.

Mbonile alichimba mfereji mfupi karibu na ukuta wa zizi. Akawasha kuni za mti mgumu, akazingoja ziwe makaa. Kila upande wa mfereji akalaza gogo la mgomba mbichi, kwa kuwa mgomba una maji na hauwaki, na juu ya magogo hayo akapanga fito mbichi. Akachukua mbavu za upande mmoja, akazisugua chumvi, akazilaza juu ya fito, upande wa mifupa ukiwa chini. Mafuta yakaanza kutoka taratibu. Yalidondoka kwenye makaa tone moja moja, yakatoa moshi mwembamba, wala hayakulipuka. Mbonile akakaa kando, akatulia. Moyoni alijua kwamba leo baba yake atakula mbavu za kwao katika mji wa ugenini, na atarudi akimwambia mama kwamba mtoto yuko salama.

Lyandile alikwenda nyumba ya pili kuchuja pombe. Wakati huo ndipo Kalukwa alipotoka barazani, alipokuwa ameketi na wageni, akaja kuona kwa nini hapakuwa na moto.

Naye hakuona moto. Aliona wekundu uliojificha chini ya jivu, na moshi ambao hata jirani wa karibu asingeuona. Akaangalia vilima vya ng'ambo. Akafikiri jinsi watu wa huko watakavyosema kwamba Mwakibinga amepokea mkwe kwa jiko lililokufa. Hakumwuliza mtu yeyote. Hakusalimu hata mtu mmoja pale jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo la kuni, akabeba mzigo mzima, akautupa ndani ya mfereji.

Mbonile alipomwona anakuja alifanya alivyofundishwa. Alisimama, akajifunika, akageuka, akarudi nyuma mpaka kwenye migomba. Maneno yote yalikuwa mdomoni mwake. *Acha. Usitie kuni. Mafuta ya nguruwe si mafuta ya ng'ombe.* Alitafuta kwa macho mtu wa kumpa maneno hayo. Lyandile hayupo. Ndulile alikuwa amesimama karibu na mlango wa zizi.

"Ndulile," akanong'ona, "mwambie baba yako atoe hizo kuni."

"Nimwambie mimi?" Ndulile alijibu, bila kumtazama. "Mbele ya wageni?"

"Mbavu zitaungua."

"Mzee anajua moto, Mbonile. Amechoma nyama kabla hatujazaliwa."

Wakati wanabishana hivyo, kuni zilishika. Mwali ulipanda, ukayafikia mafuta, na mafuta yakaulisha mwali. Moto ukaruka juu ya mbavu kama paka anavyoruka juu ya meza. Kalukwa akacheka kwa furaha. "Sasa huu ni moto!" akapaza sauti, ili waliokuwa barazani wasikie. "Ng'ambo huko wanauona!" Akazigeuza mbavu kwa mti mrefu, kwa haraka, kama alivyozoea kugeuza mikanda ya ng'ombe. Zilipokuwa nyeusi pande zote, akazitoa, akaziweka juu ya jani la mgomba, akazipeleka barazani kwa mikono yake mwenyewe.

Mwalukasa alishika ubavu, akaumega. Nje ulikuwa mkaa. Ndani, kandokando ya mfupa, ulikuwa na damu.

Hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo kati ya wakwe. Ng'ambo ya mto, na hata Ilundo kwenyewe, kumpa mkwe nyama yenye damu ilikuwa kumwambia kwamba undugu umekwisha. Mwalukasa aliurudisha ubavu juu ya jani, akafuta vidole vyake kwa majani. Syaba, mdogo wake, ambaye hakuweza kunyamaza hata msibani, akainua ubavu wake, akaugeuza huku na huku.

"Huyu mnyama," akasema, "nje ameshazikwa, ndani bado anaomba maji."

Majirani wakacheka. Wala hawakumcheka Syaba.

Kalukwa aliona aibu, na mtu wa namna yake akiona aibu hutafuta mahali pa kuitua. Akageuka kuelekea migombani, hakumtazama mtu, akasema kwa sauti ya kuwasikilizisha watu wote:

"Mmeona wenyewe. Mtu wa mwanangu alipewa kazi moja tu. Alilaza nyama juu ya jivu, akakaa. Nikaenda mimi, mzee mzima, kuokoa nilichoweza kuokoa. Mwalukasa mwenzangu, usinihesabie mimi damu hii. Hii ni kazi ya mtu wako."

Mbonile alisikia kila neno. Alikuwa nyuma ya migomba, amejifunika, na chini ya kile kitambaa uso ulimwaka kuliko mfereji ule. Angeweza kuvumilia kuambiwa mvivu, kwa kuwa kila mkamwana huambiwa. Angevumilia hata kuambiwa kwao hawakumfunza. Lakini yule aliyeunguza ndiye anayeshtaki, tena anashtaki akijua kwamba mshtakiwa amekatazwa kujibu! Na baba yake mzazi amekaa pale pale, anasikia, na hawezi kumtetea, kwa maana mgeni hahukumu shauri la mji aliofikia.

Mwalukasa alisema tu, "Mwakibinga, mimi nimekuja kwa miguu yangu. Ninasikia."

"Basi sikia hili pia," akasema Kalukwa, ambaye sasa hakuweza tena kurudi nyuma. "Umebaki upande mmoja wa mbavu. Achome huo. Ukitoka kama huu, utakapovuka mto leo hutavuka na Syaba peke yake. Utaondoka na mtu wako, na ng'ombe wangu wa mahari watarudi."

Lyandile alikuwa amefika akiwa na chungu cha pombe kichwani, akayasikia hayo ya mwisho. Akakitua chungu. Akawatazama watu mmoja mmoja, akaona uso wa mumewe, akaona mbavu nyeusi, akaona kuni zikiwaka mferejini, akaelewa bila kuelezwa. Alikwenda migombani.

"Mwanangu," akasema, "niambie maneno, niyapeleke."

"Mama, ukiyapeleka yatafika yamepoa," Mbonile akajibu. "Wewe utayaosha njiani. Nayajua maneno yako, mama. Utasema 'mtoto anaomba radhi'. Mimi siombi radhi."

"Unataka nini basi?"

"Nataka asiguse kuni."

"Atagusa," Lyandile akasema kwa masikitiko. "Wageni wanamtazama. Moto ukishuka tu, atagusa. Nami nikimzuia mbele za watu, atasema wanawake wa mji huu wamemtawala, halafu atatia kuni mara mbili."

Mbonile hakuwa na hila yoyote wakati ule, alikuwa na hasira tu. Alitoka migombani, akaenda mferejini, akasimama mbele ya zile ndimi za moto. Kalukwa naye alikuwa anakuja, amebeba gogo begani. Mbonile hakuweza kumtazama wala kumwambia kitu. Lakini desturi, iliyokataza mambo mengi, haikuwa imekataza kusema na moto.

Akaunyosha mkono wake juu ya mfereji, pale pale ambapo mbavu zingelala, kiganja chini. Akainama kidogo kwa adabu, kama anavyoinama mtu mbele ya mgeni mkubwa, akaanza kuusalimu moto.

"Umeamkaje, bwana moto?"

Akauondoa mkono upesi, maana ulikuwa unaungua.

"Eti!" akasema, sauti ikitetemeka kwa ghadhabu. "Umefika hapa jikoni kwangu, hukusalimu mtu. Hukuuliza nani anafanya nini. Umeruka tu juu ya chakula cha watu. Basi nitakusalimu mimi, ili ujue katika nyumba za watu huingiwa namna gani."

Kila mtu pale barazani alielewa ni nani aliyekuwa anasemeshwa. Syaba aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kalukwa alisimama na gogo lake. Alifungua kinywa, lakini kabla hajatoa neno, Lyandile alimtokea mbele.

"Baba Ndulile," akasema kwa upole mkubwa, "mtu yumo katika salamu. Unataka kuikatiza?"

Hapo Kalukwa akakwama. Katika nchi ile salamu haikukatizwa. Hata mtu aliyeleta habari za moto nyumbani au ng'ombe kuibwa alingoja salamu iishe ndipo aseme. Aliyekatiza salamu alitozwa kuku, na watoto walimwimba njiani. Kalukwa mwenyewe alikuwa amewatoza watu wengi, na baadhi yao walikuwa wamesimama pale, wakimtazama kwa hamu.

Mbonile akarudisha mkono. "Umeamkaje, bwana moto? Nyumbani hawajambo?" Akauondoa. "Hujatulia bado. Hujibu, unauma." Akasogea kando, akavuta kwa mti magogo yaliyokuwa yanawaka, akayatoa mferejini moja baada ya jingine, akayalaza mbali. Akangoja. Akarudi tena.

"Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto hawajambo?"

Mkono ukatoka.

"Hapo," akasema, akiuambia moto, "unafaa kwa mikanda ya ng'ombe. Wenye haraka wangekula sasa. Lakini leo sikukualika kwa nyama ya ng'ombe."

Kalukwa alilihamisha gogo kutoka bega hili kwenda bega lile. Lilikuwa gogo zito. Hakuweza kulitia, maana salamu ilikuwa haijaisha; wala hakuweza kulitupa chini, maana angeonekana ameshindwa. Syaba akamwita kutoka barazani, "Mwakibinga, keti basi na mwenzio huyo! Au mmeoana?" Watu wakacheka hata Ndulile akasahau na kucheka pamoja nao.

Makaa yakaanza kuvaa jivu. Mbonile aliyaacha, akakaa chini, akazisugua chumvi zile mbavu za pili. Alikawia. Alipoinuka na kunyosha mkono tena, alisalimu mpaka mwisho: akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza migomba, akauliza mvua kama imefika huko atokako mgeni, akaitikia mwenyewe, na mkono ukabaki pale pale juu ya makaa bila kusikia tabu.

"Aha," akasema Kalukwa, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu azuiwe. Hakumwambia Mbonile, aliliambia gogo. "Moto wa watu umesalimiwa mpaka umesinzia."

Na katika hilo alisema kweli. Ni lazima kulikiri. Mbonile alikuwa amengoja mno. Aliliona mwenyewe, akauma mdomo. Kama angelaza mbavu juu ya moto ule, zingekauka bila kuiva, zingekuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, na baba yake angevuka mto pamoja naye. Hakujitetea. Alikwenda kwenye yale magogo aliyoyatoa, akayagongagonga kwa mti mpaka makaa mekundu yakaanguka, akayachota kwa kigae, akayarudisha mferejini, akayatandaza yasikae mahali pamoja. Kisha akanyosha mkono.

"Umeamkaje, bwana moto? Nyumbani hawajambo? Watoto hawajambo? Ng'ombe hawajambo? Migomba haijambo?"

Sasa joto lilianza kumwambia aondoke. Alivumilia kidogo.

"Na mvua..."

Mkono ukatoka wenyewe.

"Hapo," akasema Mbonile. Sauti yake ilikuwa imetulia, si kwa sababu hasira imekwisha, bali kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na maneno ya kitu alichokuwa akikijua siku zote. "Moto wa mbavu huufikisha mkono kwenye migomba, na huukataza kufika kwenye mvua. Ukikukataza kwenye watoto, ni moto wa kuunguza. Ukikuacha uimalize mvua yote, umelala. Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi wapelekee hayo. Hayo hayana haja ya kuoshwa."

Akalaza mbavu, upande wa mifupa chini. Kila mafuta yalipozidi na mwali mdogo ukachungulia, alisogeza makaa kwa mti na kusalimu upya. Kila Kalukwa alipojongea, salamu ilianza, naye ikambidi asimame. Kivuli cha migomba kilihama kutoka upande mmoja wa zizi hadi upande wa pili. Pombe ikanywewa, ikachujwa nyingine. Majirani waliotaka kwenda wakaona aibu kwenda. Kuelekea jioni nyama ikaanza kujivuta kwenye ncha za mifupa, weupe wa mfupa ukaonekana, na mbavu zikawa na rangi ya kahawia kama udongo wa njia baada ya mvua.

Safari hii Lyandile ndiye aliyepeleka. Mwalukasa alishika ubavu, akauzungusha mfupa. Mfupa ukatoka mtupu mkononi mwake, mkavu, bila tone la damu. Akala. Akashika wa pili. Alikula bila kusema mpaka Syaba akalalamika kwamba atabakiwa na harufu tu. Ndipo Mwalukasa akasema, "Mwakibinga, mtoto wangu yuko nyumbani kwake. Nimeona. Nitavuka mto na mdogo wangu."

Mbonile alikuwa amesimama migombani, amejifunika tena. Alingoja. Watu wengi husimulia kwamba hadithi inaishia hapo kwa furaha, lakini huo si ukweli. Alikuwa anangoja neno moja. Desturi ilimruhusu Kalukwa kumtumia neno kupitia kwa mkewe. Angeweza kusema, "Mwambie nilikosa." Angeweza hata kusema, "Mwambie nyama ni nzuri." Maneno hayo ni mafupi, wala hayahitaji kuchinjiwa ng'ombe.

Kalukwa aliweka chini lile gogo hatimaye. Akafuta mikono. Akachukua ubavu, akatafuna kwa muda mrefu, akawageukia majirani.

"Mnaona," akasema, "moto wa mji wangu ukipewa heshima yake, unajua kazi."

Lyandile alirudi migombani mikono mitupu. Mbonile alikwenda kuzima mfereji.

Siku zilizofuata Kalukwa alialikwa huku na huku, na kila alipofika alihadithia habari za mbavu. Alisema, "Kwangu mimi moto husalimiwa kwanza." Alisema, "Kwangu mimi tunafika kwenye migomba, hatufiki kwenye mvua." Wasikilizaji walipouliza ni nani aliyegundua jambo hilo, alisema ni katika mji wake, na hilo ni kweli. Jina hakulitaja, kwa sababu baba mkwe hataji jina la mkamwana. Katika jambo hili desturi ilimfaa sana. Wasikilizaji walipokosa jina, waliweka lililokuwa mbele yao, na hivyo vilima vyote vikaanza kusema "salamu ya Mwakibinga". Hata leo wapo wanaosema hivyo, tena wamesoma, na wameandika. Ni kosa. Salamu ile ni ya Mbonile binti Mwalukasa, na aliyeichukua ni mtu aliyeunguza mbavu za kwanza kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini jambo lenyewe lilishika. Kuanzia wakati huo mpaka hivi leo, katika vilima vile hakuna anayelaza mbavu za nguruwe juu ya moto ambao haujasalimiwa. Utamwona mchomaji, awe kwenye karamu ya arusi au kwenye kibanda cha kando ya barabara, amenyosha kiganja juu ya jiko, midomo ikichezacheza. Wateja wapya hudhani anaomba dua. Anauliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za migomba, na mkono ukikataa kabla ya mvua, analaza nyama. Na kama mtu mwenye njaa atakuja kumwambia aongeze moto, hata awe mtu mkubwa namna gani, mchomaji hamjibu. Yumo katika salamu, na yule mkubwa itambidi asimame angoje kama wengine.

Mbonile alikufa kwa homa mwaka ule nzige walipokuja, na Kalukwa alikuwa bado hai, na lile neno moja hakuwa amelituma.